Namba za Pembeni kwenye Laptopu Kubwa: Nani Anazihitaji na Namna ya Kuzichagua

Natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara sita wa Kariakoo na Gerezani. Wanne wanauza vifaa vya ujenzi, mmoja anauza vipuri vya pikipiki, na yupo mama mmoja wa mchele wa jumla. Kila mwisho wa wiki risiti zao zinanifikia kwenye bahasha za kaki, nyingine zimekunjwa mara nne, nyingine zimeshaanza kufifia maana karatasi ya EFD, mashine ya risiti za kodi, haivumilii joto. Zote lazima ziwe zimeingia kwenye kompyuta kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT ya mwezi uliopita. Kazi hii nimeifanya miaka 14, na ndani ya miaka hiyo nimetumia laptopu tano: tatu zenye namba za pembeni upande wa kulia wa kibodi, mbili zisizo nazo.

Ndiyo maana watu huniuliza. "Dada, nataka laptopu kubwa ya kazi. Nichukue yenye namba pembeni au isiyo nazo?" Jibu langu lina sehemu tatu. Laptopu ya inchi 15.6 kwenda juu ina nafasi ya kutosha, na mtu anayeingiza hesabu kutwa anastahili kupewa namba hizo. Mtu wa maneno, anayeandika barua, ripoti au tasnifu, hazimsaidii, tena zinamkalisha upande. Na namba zilizobanwa ilimradi zionekane zipo ni bora zisingekuwepo kabisa. Hapa chini naeleza namna ya kujua wewe ni wa kundi gani kabla hujatoa hela, namna ya kukagua mashine dukani, na namna ya kuzizoesha vidole.

Hesabu tarakimu zako kwanza

Usianzie dukani. Anzia kwenye siku moja ya kazi yako ya kawaida, uhesabu unaandika tarakimu ngapi mfululizo.

Kwangu mimi, mstari mmoja wa manunuzi una tarehe, TIN ya muuzaji (namba yake ya mlipakodi) yenye tarakimu 9, namba ya risiti, na kiasi. Ukijumlisha ni kama tarakimu 30 kwa risiti moja. Nikiwa na risiti 60 mezani, hizo ni tarakimu 1,800, na katikati hakuna neno hata moja. Siku za malipo naongeza namba za kulipia serikalini, zile za tarakimu 12 zinazoanza na 99. Mwajiri akiandikisha wafanyakazi wapya zinakuja namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 kila mtu.

(Kwa kuwa nimezitaja: namba ya NIDA usiiandike Excel kabla hujaigeuza safu hiyo kuwa maandishi. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki inazigeuza sifuri kimyakimya, na hutajua mpaka fomu irudishwe. Namba ya simu nayo inapotewa na sifuri yake ya mbele kwa njia hiyo hiyo. Panga safu kuwa maandishi kwanza, kisha andika.)

Kipimo changu ni hiki. Kama kwa siku unakaa nusu saa au zaidi ukiandika namba tupu, moja chini ya nyingine, tafuta laptopu yenye namba za pembeni. Kama namba zako zinakuja mojamoja ndani ya sentensi, tarehe hapa, bei pale, basi namba za juu ya herufi zinakutosha na usishawishike na muuzaji. Wapo watu wa katikati: mwalimu anayejaza alama za wanafunzi mara tatu kwa mwaka, karani wa kanisa anayeandika sadaka Jumapili jioni. Hao nawashauri wachukue laptopu ya kawaida, halafu wanunue kibao cha namba cha kuchomeka. Nitakieleza mbele.

Nasisitiza neno "mfululizo" kwa sababu faida yote ya namba za pembeni iko hapo. Mkono wa kulia ukishatua juu ya 4, 5 na 6 hauondoki tena. Macho yanabaki kwenye risiti, mkono wa kushoto unageuza risiti na kubonyeza Tab kwenda safu inayofuata. Kwenye Excel, ukipita safu kwa Tab kisha ukabonyeza Enter mwisho wa mstari, unarudishwa mwenyewe kwenye safu uliyoanzia, mstari wa chini. Kushoto Tab, kulia namba na Enter, na risiti zinahama kutoka rundo moja kwenda jingine. Kwa namba za juu huwezi kufanya hivyo, maana vidole vinanyooka kutoka 1 mpaka 0 na kila baada ya tarakimu chache lazima uangalie chini. Ukiangalia chini, umeshapoteza mstari kwenye risiti.

Zinachomgharimu mwenye kazi ya maneno

Mtoto wa dada yangu alipoingia mwaka wa tatu chuoni tulichanga kumnunulia laptopu. Muuzaji akatwambia kubwa ndiyo nzuri, tukachukua ya inchi 15.6 yenye namba pembeni. Alikuwa anaandika utafiti wake, kurasa kwa kurasa za maneno. Baada ya miezi miwili akaanza kulalamika shingo na bega la kushoto. Nilimwendea siku moja nikamkuta amekaa kiti kimeelekea mlangoni na uso umegeukia kioo. Hakuwa na habari kwamba amekaa hivyo.

Nilichukua rula. Kitufe cha B, ambacho kwa anayeandika kwa vidole vyote ndicho kinachotakiwa kuwa usawa wa kitovu chake, kilikuwa sentimita 4 na ushee kushoto kwa katikati ya kioo. Namba za pembeni zimeisukuma kibodi ya herufi, na kibao cha kugusa kimefuata huko huko kushoto. Mtu akifuata herufi, kioo kinabaki kulia kwake. Akifuata kioo, mikono yake inapinda kwenda kushoto. Kwa dakika kumi huoni tofauti. Kwa saa sita kila siku mwili unakudai.

Tulimbadilishia ikawa ya inchi 14, na ile kubwa nikabaki nayo mimi. Mimi sikuumia, kwa sababu kazi yangu kubwa iko kwenye namba, na nikiandika namba mkono wangu uko kulia kabisa, naivuta mashine nzima kushoto kidogo. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi.

Wapo watengenezaji wanaoziacha namba hizo hata kwenye mashine kubwa, na wana sababu. MacBook Pro ya inchi 16 haina. Pembeni mwa herufi kuna spika, na kibodi iko katikati ya kioo. Dell XPS 15 nayo ilikuwa hivyo. ThinkPad za mfululizo wa T zilikaa miaka mingi bila namba hata zilipokuwa za inchi 15, mpaka T540p ya mwaka 2013 ilipoziweka, na watu wengi waliozoea kibodi ya katikati hawakufurahi. Nawaelewa. Ila mhasibu aliyekuwa akiisubiri naye namwelewa, na mimi ni wa upande wake.

Suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni la Framework Laptop 16: kibodi na kibao cha namba ni vipande viwili vinavyochomolewa. Unaweza kuweka namba kulia, ukaziweka kushoto, au ukaziondoa na kusogeza herufi katikati. Madukani kwetu ni nadra kuiona, lakini inaonyesha kwamba si lazima mtu mmoja aumie ili mwingine apate.

Dukani: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Nenda na bahasha yako. Sitanii, nenda na risiti kumi za kweli. Mwambie muuzaji, "Mdogo wangu, nifungulie Excel nijaribu kuandika." Akikataa, nenda duka la pili. Mimi nimewahi kusimama kaunta dakika kumi na tano na risiti zangu, na aliyekuwa anauza akaishia kunisomea tarakimu ili anisaidie.

Kabla ya kuandika, angalia kwa macho. Linganisha upana wa kitufe cha 5 cha pembeni na kitufe cha herufi, kwa mfano K. Vikilingana, vizuri. Kama cha namba ni chembamba waziwazi, ujue wamevibana ili vienee, na kidole cha kati kitakuwa kinagusa viwili kwa mpigo. Sifuri iwe pana, upana wa vitufe viwili, maana inapigwa kwa dole gumba na kwetu sifuri ndiyo nyingi: bei nyingi za shilingi zinaishia na sifuri tatu. Enter ya pembeni iwe ndefu, inashuka mistari miwili. Mashine nyingi za bei ya chini zimefanya hila hapa: zimeingiza mshale wa kulia chini ya 1 na kuifupisha sifuri. Ukiwa na mkono wa haraka utapiga mshale badala ya sifuri, na 50,000 itakuwa 5,000. Hiyo niliwahi kuwa nayo, niliiuza ndani ya mwaka.

Kisha funga macho upapase. Kitufe cha 5 kina kipele kidogo au kijistari kilichoinuka, kama vilivyo F na J. Hicho ndicho kinachomwambia kidole cha kati kwamba kimefika nyumbani. Kwa laptopu zilizotumika, kipele hicho wakati mwingine kimelika, au kibodi imebandikwa stika juu kikafunikwa. Bila kipele utakuwa unaangalia chini kila mara, na hapo hakuna ulichonunua. Angalia pia kama kuna nafasi, hata ya milimita chache, kati ya namba na herufi. Zikiwa zimeshikana kabisa, mkono unapotea na kutua kwenye Enter kubwa ya herufi.

Sasa fungua Notepad na upige 7894561230, halafu nukta, jumlisha, toa, zidisha, gawanya, Enter. Kila kitufe mara tatu. Kwenye mashine zilizotumika, 0 na Enter ndizo huchoka mapema. Usikubali kuambiwa "hiyo fundi anarekebisha." Kwenye laptopu nyingi kibodi ni kipande kimoja, sifuri ikifa unabadilisha kibodi nzima, na kwa baadhi ya mashine imeshikiliwa na mfuniko mzima wa juu.

Jingine la mitumba: laptopu nyingi zilizotumika zimetoka Ulaya, na kibodi zake ni za huko. Ya Ufaransa au Ubelgiji utaitambua kwa herufi za kwanza, AZERTY. Kwenye hiyo, namba za juu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Mtu wa hesabu akichukua AZERTY isiyo na namba za pembeni amejitafutia mateso. Lakini AZERTY yenye namba za pembeni nzuri, kwa bei iliyoshuka kwa sababu watu wanaikimbia, mimi ningeifikiria, maana mpangilio wa herufi unaweza kuubadili ndani ya Windows na namba za pembeni ni zile zile dunia nzima. Hakikisha tu mpangilio wa nchi haujabaki wa Kifaransa, la sivyo kitufe cha nukta cha pembeni kitatoa koma ndani ya Excel. Mpangilio ukibaki wa Marekani nao una yake: ukiandika 5/3 ukimaanisha tarehe 5 Machi, Excel inaelewa tarehe 3 Mei.

Kwa kukusaidia kutafuta: kwenye mashine za ofisini zinazojaa sokoni, jozi huwa zinafanana sana ila kwa hili. ThinkPad T480 ni ya inchi 14, haina namba. T580 ni ya inchi 15.6, inazo. HP ProBook 440 haina, 450 inazo. Baadhi ya laptopu ndogo za ASUS zina namba zinazowaka kwa taa juu ya kibao cha kugusa. Nilizijaribu za rafiki. Kwa kuandika PIN au kiasi kimoja zinafaa, lakini ni bapa, hakuna kipele cha 5, huwezi kuandika bila kuangalia. Kwa rundo la risiti, hapana.

Kibao cha namba cha kuchomeka

Kama kazi yako imechanganyika, hii ndiyo njia. Kibao kidogo cha namba kinachochomekwa USB, ukubwa wake kama kikokotoo cha dukani. Nilicho nacho cha akiba nilikinunua shilingi 25,000 na kimenivusha mara mbili kibodi ilipoharibika katikati ya mwezi. Vitufe vyake ni vya ukubwa kamili, vinazama vizuri kuliko vya laptopu, na kikifa unatupa chenyewe na si kibodi nzima.

Uzuri wake mwingine wengi hawaujui: unaweza kukiweka kushoto. Mkono wa kulia ukabaki kwenye mausi, wa kushoto ukaandika namba. Inachukua kama wiki mbili kuzoea. Kwa mwenye bega la kulia linalouma kwa kunyoosha mkono kwenda kwenye mausi iliyo mbali, ni nafuu kubwa, maana kibodi yenye namba kulia ndiyo inayoisukuma mausi mbali.

Chukua cha waya. Visivyo na waya vinaishiwa betri tarehe 19 usiku.

Kuna mtego mmoja. Laptopu za zamani zisizo na namba pembeni zilikuwa na namba zilizofichwa ndani ya herufi: 7, 8, 9 mahali pake, U ni 4, I ni 5, O ni 6, J ni 1, K ni 2, L ni 3, M ni 0. Ukiwasha NumLock (kitufe cha kuwasha na kuzima namba) kwenye kibao cha kuchomeka, laptopu ya aina hiyo inaweza nayo kuiwasha kwa upande wake, na jina "Juma" likatoka "140a". Ukitumia mashine ya namna hiyo, tafuta kibao ambacho NumLock yake inajitegemea, haiigusi ya laptopu. Kijaribu pale pale dukani: washa NumLock yake, andika "Juma" kwenye laptopu.

NumLock inapokugomea

Haya yanawapata wengi, nayataja haraka. Ukibonyeza namba za pembeni na kishale kinaruka huku na huku badala ya kuandika, NumLock imezimwa. Hilo limetoka mbali: kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na mishale yake, ikatumia vitufe hivi kwa kazi mbili, na NumLock ndiyo inayochagua. Ikiwa imezimwa, 7 inakupeleka mwanzo wa mstari, 1 mwisho, na nukta inafuta. Hiyo nukta ndiyo ya kuogopa: kwenye Excel unaweza kufuta kisanduku kizima cha hesabu ukidhani unaandika senti. Ukiona kimetokea, Ctrl na Z hapo hapo.

Ukishindwa kuingia kwenye kompyuta asubuhi ingawa nenosiri ni lile lile na lina namba, angalia NumLock kwanza kabla ya kumwita fundi.

Na kama NumLock inawaka lakini namba bado hazitoki, huenda umebonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na NumLock kwa pamoja bila kujua. Hapo Windows huzigeuza namba kuwa kiendesha mausi. Bonyeza hizo tatu tena, itatulia. Kwa laptopu ambayo haina kitufe cha NumLock kabisa na herufi zimegeuka namba, fungua kibodi ya kwenye kioo ya Windows kwa kuandika osk kwenye sehemu ya kutafuta, ingia kwenye mipangilio yake, washa sehemu ya namba, kisha ubonyeze NumLock hapo kwa mausi.

Kuzizoesha vidole, na kuzisahaulisha simu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapoachia njiani wakasema namba za pembeni hazina maana.

Binti ninayefanya naye kazi alikuja kwangu akitokea kwenye uwakala wa miamala ya simu Mbagala. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Mwezi wake wa kwanza, vitabu vya duka moja havikulingana: manunuzi yalizidi kwa 600,000 kamili. Tulikaa mpaka taa za mtaani zimewaka. Mwisho nikaikuta: risiti ya nondo ya 145,000 imeandikwa 745,000. Aliiona, akanyamaza, machozi yakamlenga. Nikamwambia, mdogo wangu, hukukosea hesabu, ni mkono wako ulidhani uko kwenye simu.

Kwenye simu, 1-2-3 iko juu. Kwenye kompyuta na kikokotoo, 7-8-9 ndiyo iko juu. Mashine za kujumlisha zilitangulia. Sundstrand ya Marekani ilikuwa na mpangilio wa 7-8-9 juu tangu mwaka 1914. Simu za vitufe zilikuja baadaye, baada ya watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, kuwajaribishia watu mipangilio mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 1960 na simu zenyewe zikatoka 1963 zikiwa na 1 juu. Sisi tuliojifunza namba kwa vidole kupitia simu, kwa kutuma na kupokea hela, tunabeba mpangilio wa simu mkononi. Mstari wa kati haubadiliki, lakini 1 inakuwa 7, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 9, na kinyume chake.

Hilo linakupa njia ya kulinasa kosa. Katika kila jozi hiyo tofauti ni 6. Kwa hiyo vitabu visipolingana kwa 6 ikifuatwa na sifuri tupu, yaani 6,000, 60,000, 600,000, usianze kuhakiki risiti zote. Tafuta zenye 1, 2, 3, 7, 8 au 9 kwenye nafasi hiyo. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, kosa ni jingine: tarakimu mbili zimepishana, kama 54,000 kuandikwa 45,000, au sifuri imezidi au imepungua, kama 50,000 kuwa 5,000. Nimeokoa usiku mwingi kwa hesabu hizo mbili.

Sasa zoezi. Kaa wima, mashine ivute kushoto mpaka namba ziwe usawa wa bega lako la kulia. Kidole cha shahada juu ya 4, cha kati juu ya 5 penye kipele, cha pete juu ya 6. Cha shahada kinapanda 7 na kushuka 1, cha kati 8 na 2, cha pete 9 na 3 na nukta. Dole gumba ni la sifuri. Kidole cha mwisho ni cha jumlisha na Enter. Kifundo cha mkono kisilale kwenye ukingo wa laptopu, kielee kidogo.

Siku tatu za kwanza piga 456 na 654 tu, huku ukiangalia ukutani. Usiharakishe. Siku ya nne panda na kushuka: 741, 852, 963. Baada ya wiki fungua kikokotoo cha kompyuta, funika mkono kwa kitambaa au daftari, na ujumlishe bila kutazama:

123 + 456 + 789. Jibu ni 1,368.

987 + 654 + 321. Jibu ni 1,962.

147 + 258 + 369. Jibu ni 774.

La tatu ndilo ninalolipenda. Ukipata 2,556 badala ya 774, umeandika 741, 852 na 963: vidole vyako viko kwenye simu. Yule binti wa Mbagala alipata 2,556 siku nne mfululizo. Siku ya tano akapata 774, akanigeuzia kioo nione, halafu akarudia mara mbili kuhakikisha. Fanya dakika kumi asubuhi kabla ya bahasha ya kwanza, kwa wiki tatu, na usiingize risiti za mteja kwa kutotazama mpaka upate majibu yote matatu mara kumi bila kosa. Yeye sasa ndiye anayeanza na bahasha za mchele, zile zenye mistari mingi kuliko zote, mimi nasoma na yeye anaandika, na macho yake yako kwenye kioo.